Boriti ya mashindano haibebi paa la mtu

Bumu halijatoka, maharage yanaendelea, ila leo sitaki kulia njaa. Leo nina ugomvi na wenzangu wa kikundi. Kikaoni nilizidiwa kura, kwa hiyo namalizia humu humu.

Kama mnavyojua, kikundi chetu cha wanafunzi wa ujenzi kinakutana karakanani huku Hasamba, Mbozi. Tunatengeneza boriti za mbao, tunazilaza juu ya vigoda viwili, tunaning'iniza mzigo katikati mpaka zilie "ka!" Raha tupu. Shida ni jinsi tunavyochagua mbao. Mtu anakwenda kwa wauza mbao, anapekua rundo zima, anachomoa ile moja iliyonyooka, kavu, haina hata kifundo kimoja. Ikibeba vizuri anashangiliwa, namba inaingia kwenye daftari: "Uwezo wa paini 2x4." Paini gani, jamani? Huo ni uwezo wa mbao moja iliyotoka saluni!

Na ikitokea ina kifundo, wajanja wanaigeuza kifundo kiwe juu. Wanajua wanachofanya. Boriti ikielemewa, upande wa juu unabanwa na wa chini unavutwa, na kifundo kikivutwa ndipo mbao inapasuka mapema. Fundi akiwa juu ya paa na mvua inakuja, mnadhani anageuza mojamoja?

Halafu kuna kundi la pili, la kudesa. Wao wanasema tuache kupima, vitabu vya Ulaya vina kila kitu, chukua daraja la C16 tukalale. Sawa, tuhesabu. Hiyo 16 ni niutoni 16 kwa milimita ya mraba, na wala si wastani: ni kiwango ambacho mbao 95 katika 100 za daraja hilo zinakivuka. Wenzetu wanaangalia zile dhaifu, sisi tunaangalia warembo. Sasa 2x4 ya milimita 50 kwa 100 kamili, imesimama upande mwembamba chini, vigoda vikiwa mita 2, kwa C16 inavunjika kwenye kilo 270 hivi. Ni kama ndoo 13 za maji za lita 20. Ukiilaza bapa inabaki nusu ya hapo, na inapinda mara 4 zaidi.

Hesabu tamu, ila C16 ni ya mbao iliyokaguliwa na kupangiwa daraja. Hizi tunazonunua barabarani nani kazikagua? Kwa hiyo anayedesa na anayechagua mrembo ni ndugu: wote wanaikwepa mbao iliyopo.

Na kuna jambo la muda. Sisi tunaning'iniza ndoo dakika tano, tunapiga makofi, tunaondoka. Paa halikai dakika tano. Mbao iliyobeba mzigo miaka kumi hubaki na kama asilimia 60 tu ya nguvu inayoonyesha kwenye jaribio la haraka. Mmeshaona nyumba zilizobonyea mgongoni kama punda mzee? Hazikubonyea siku ya kupauliwa.

Mnasema nakuza mambo? Fundi mmoja wa huku ameomba namba zetu, anataka kupaua darasa. Kura niliyoshindwa ni hiyo: wengi wanataka apewe daftari kama lilivyo. Yaani watoto wakae chini ya kenchi zilizohesabiwa kwa mbao ya saluni! Mimi nasema asipewe kitu kwanza.

Tufanye hivi. Mbao zichukuliwe bila kuchagua, hata kwa kufumba macho. Zipimwe nyingi, vifundo vikae vilivyo, na daftari lianze na iliyovunjika mapema kuliko zote. Nyingine ziachwe na ndoo zake muhula mzima, kila wiki tupime zimeshuka kiasi gani kwa uzi na rula. Msiniambie hela hakuna. Sijaomba tuning'inize Kimondo cha Mbozi na tani zake zote. Naomba ndoo, maji na uvumilivu.

Anayebisha alete mbao yake Jumamosi. Ila mimi ndiye nitakayeichomoa kwenye rundo.