Acheni Kupigia Makofi Saini

Nimezichoka picha za watu wakisaini. Mnazijua: meza ndefu, kalamu inayong'aa, kijana kavaa miwani ya jua ndani ya ukumbi, mkono wa bosi uko begani mwake, na nyuma yao bango lenye nembo ya lebo. Kabla ya magharibi picha imeshazunguka kila simu kutoka Temeke hadi Kisumu. Mashabiki wanaandika "katoboa". Watangazaji wanaisoma habari hiyo kwa sauti ya ushindi wa timu ya taifa. Mwaka 2016, Alikiba aliposaini na Sony Music huko Johannesburg, shangwe ilikuwa kubwa, na mimi sikumbuki kichwa cha habari hata kimoja kilichouliza masta zitabaki kwa nani.

Hilo ndilo swali, na halina mbadala. Mkataba wa kawaida wa lebo kubwa ni hati ya mauziano, hata ukivalishwa maneno ya ndoa na familia. Iwe Universal, Sony au Warner, kampuni tatu zilizoushika muziki wa dunia, au iwe lebo ya nyumbani iliyonakili makaratasi yao, kitu kinachobadilisha mmiliki pale mezani ni masta.

Naomba tuelewane hapa, kwa kuwa vijana wengi wanaibiwa kwenye mstari huu mmoja. Kila wimbo una mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodi. Ya pili ni masta, ile rekodi yenyewe iliyotoka studio. Wimbo ukisikilizwa mtandaoni, ukiwekwa kwenye filamu au tangazo la sabuni, au prodyuza wa Lagos akichukua kipande chake, mwenye masta ni lazima aulizwe ruhusa, na ndiye anayepokea fedha za rekodi. Aliyeimba husubiri mgawo wake, na mgawo huo hauji mpaka lebo iwe imejilipa kwanza gharama zote.

Piga hesabu nami. Tuseme lebo imempa kijana wa Mbagala shilingi milioni 60 taslimu. Studio, video, mavazi na matangazo vikala milioni 40 nyingine, na mkataba unasema gharama hizo zote zinakatwa kwenye mgawo wake. Deni ni milioni 100. Mgawo wake ni asilimia 20. Nyimbo zikapendwa, zikaingiza milioni 300. Asilimia 20 ya hizo ni milioni 60, nazo zinaenda kupunguza deni, kwa hiyo kijana bado anadaiwa milioni 40. Lebo imepokea zote 300, imerudisha milioni 100 zake, ina faida ya milioni 200, na katika vitabu vyake msanii huyo ameandikwa kuwa hajalipa. Ili aanze kuona shilingi yake ya kwanza, nyimbo zinapaswa kuingiza milioni 500. Namba nimezitunga mimi ili hesabu ionekane. Utaratibu wenyewe sikuutunga. Ndivyo biashara hii inavyoendeshwa.

Ndiyo maana kundi la TLC la Marekani liliomba kufilisika mwaka 1995, wakati albamu yao ya CrazySexyCool ikiuzwa kwa mamilioni ya nakala. Watu walicheka, wakasema wasichana wale walichezea fedha. Wengi waliocheka hawakuwahi kusoma mkataba wa muziki maishani mwao.

Na hata deni likiisha? Mwendesha bodaboda wa mkataba, baada ya kupeleka hesabu kila jioni kwa mwaka na ushee, anakabidhiwa kadi na pikipiki inakuwa yake. Tajiri aliyemkopesha amepata faida, dereva amepata chombo, kila mtu anakwenda zake. Msanii akimaliza deni la lebo, masta zinabaki kwa lebo. Amelipia rekodi kwa jasho lake mwenyewe, amelipa mpaka senti ya mwisho, na mali bado ni ya mkopeshaji. Kijiwe chochote cha bodaboda kingekataa sharti hilo. Wanamuziki wetu wanalisaini wakiwa wanatabasamu.

Anayedhani natia chumvi amkumbuke Solomon Linda. Alikuwa Mzulu wa Msinga aliyefanya kazi ya kufungasha santuri kwenye kampuni ya Gallo, Johannesburg. Mwaka 1939 yeye na kundi lake la Evening Birds waliingia studio ya kampuni hiyohiyo wakarekodi "Mbube". Wimbo ukapendwa Afrika Kusini nzima. Mwaka 1952 Linda alitia saini karatasi akaiachia Gallo haki zake za utunzi kwa shilingi 10. Wakati huo wimbo ulikuwa umeshavuka bahari: The Weavers wa Marekani waliufanya "Wimoweh", na mwaka 1961 The Tokens wakautoa kama "The Lion Sleeps Tonight", ukapanda mpaka nafasi ya kwanza. Baadaye Disney wakauweka kwenye filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Watoto wa dunia nzima wanauimba mpaka leo. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa fukara, na familia yake ilikaa miaka 18 bila uwezo wa kuweka jiwe juu ya kaburi lake.

Shilingi 10! Na msiniambie hakujua kusoma, kwamba zama zile zimepita, kwamba vijana wa leo wajanja. Nimeletewa mikataba na vijana wa leo. Wana simu za bei mbaya, wana wafuasi wengi mtandaoni kuliko magazeti yetu yote, na wamesaini kurasa za Kiingereza cha mawakili ambazo hawakuzielewa, zinazosema rekodi zao ni mali ya kampuni katika ulimwengu mzima na kwa muda wote wa uhai wa hakimiliki. Mmoja alisaini ndani ya gari, akielekea kwenye shoo. Alipoomba apewe siku mbili amwonyeshe mwanasheria, aliambiwa kuna wenzake kumi wanaisubiri nafasi hiyo. Kijana ambaye mama yake anadaiwa kodi ya chumba hawezi kubishana na sentensi hiyo, na wanaoitamka wanajua hawezi.

Sisi wenyewe tuna historia ndefu ya sauti zetu kuishi kwenye makabati ya wengine. Siti binti Saad alisafirishwa kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za His Master's Voice. Bendi kubwa za miaka ya sabini zilirekodi Radio Tanzania, na kanda zikabaki kwenye maktaba ya redio. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, kwa hiyo aliyetaka santuri alitazama Nairobi, na kampuni za huko ndizo zilizopanga masharti. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, na santuri zake zikaendelea kuuzwa. Baadaye zikaja zama za kaseti, ambapo msambazaji wa Kariakoo alimpa msanii kitita mara moja, akachukua masta, na msanii akarudi nyumbani asijue zimeuzwa nakala ngapi. Wasanii wa Bongo Fleva walilia na wasambazaji hao kwa miaka. Walikuwa na haki ya kulia. Kinachoniuma ni kwamba baadhi ya waliolia, walipopata uwezo wa kufungua lebo zao, walichukua kalamu ileile.

Nalisema hili wazi, maana kuna tabia ya kuilaumu Ulaya peke yake. Mnyonyaji akiwa wa Sinza au Kilimani hanyonyi kwa upole zaidi. Harmonize alipoondoka lebo ya WCB Wasafi mwaka 2019, alisema mwenyewe hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500, na kwamba ilimbidi auze nyumba zake ili alipe. Sikatai kwamba Diamond Platnumz, mwenye lebo hiyo, alimjenga. Alimjenga, tena sana. Kijana wa Mtwara akawa jina la Afrika. Ila yeye naye alifanya kazi kwa miaka minne, shoo baada ya shoo, wimbo baada ya wimbo. Mkataba unaomtaka mtu auze nyumba ili aondoke na jina lake ni mkataba mbaya, awe ameuandika mzungu au ameuandika ndugu yetu.

Najua watakachonijibu wenye lebo, nimekisikia mara nyingi. Sisi ndio tuliohatarisha fedha. Wasanii wengi tuliowawekea mtaji hawakufika popote, hasara ikabaki kwetu. Bila sisi usingemjua huyo unayemtetea. Hoja hiyo ina uzito, na siipuuzi. Mwenye mtaji arudishiwe mtaji wake, tena kwa faida nono. Apewe leseni ya rekodi kwa miaka 7, miaka 10, hata 12 kama alimwaga fedha nyingi. Ndani ya miaka hiyo auze atakavyo. Lakini hatari ya miaka 3 hailipwi kwa umiliki wa uhai wote wa hakimiliki. Hakuna benki Tanzania inayobaki na nyumba ya mtu aliyemaliza mkopo wake, na benki nazo hukopesha watu wanaoshindwa kulipa.

Tena zama zenyewe zimebadilika kwa faida ya msanii, kama angeamua kuzitumia. Zamani bila lebo hukuwa na kiwanda, lori wala duka. Leo msanii wa Tandale anaweza kupeleka wimbo wake kwenye majukwaa yote ya dunia kwa ada ya mwaka au kwa kumkatia msambazaji asilimia ndogo, masta ikabaki yake. Sauti Sol wa Kenya walipoingia Universal mwaka 2020, walikuwa wameshapiga kazi zaidi ya miaka kumi na walikuwa na lebo yao, Sol Generation. Anayefika mezani na mali yake anazungumza. Anayefika na njaa yake anasikiliza. Jenga jina kwanza hata kama ni la mtaa, sajili nyimbo zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, tunza makubaliano yako na prodyuza kwa maandishi, halafu ndio uone kama lebo zina jambo la kukupa.

Lakini hata jina kubwa si kinga. Taylor Swift wa Marekani alikuwa na mawakili wa kila aina, na bado mwaka 2019 masta za albamu zake sita za mwanzo ziliuzwa kwa watu aliokuwa hawataki. Ilimbidi aanze kurekodi upya albamu zake, wimbo kwa wimbo, na hakuzipata zile za asili mpaka alipozinunua mwaka 2025. Yeye ni bilionea. Kijana wetu atazinunua kwa fedha gani?

Kwa hiyo ushauri kwa wasanii hautoshi, inahitajika sheria. Hapa tena Solomon Linda ana somo ambalo Dodoma na Nairobi wangelisoma. Mabinti zake hawakushinda kwa huruma ya Disney. Wakili Owen Dean alifukua Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika himaya nzima, ambayo ilisema kwamba miaka 25 baada ya mtunzi kufa, haki alizoziuza akiwa hai zinarudi kwa warithi wake. Kwa kifungu hicho kimoja kesi dhidi ya Disney ilifunguliwa mwaka 2004, na mwaka 2006 yakafikiwa makubaliano yaliyowapa warithi malipo ya nyuma na mgawo wa mapato yaliyofuata. Sheria ya mkoloni ilimkumbuka yatima wa mtunzi! Marekani nao, kwa sheria yao ya mwaka 1976, wanamruhusu mtunzi kuvunja mauziano baada ya miaka 35. Watunga sheria wa nchi hizo walitambua kwamba mtunzi anapouza huwa hana nguvu, na hakuna anayejua wimbo una thamani gani mpaka umeshaimbwa.

Nasi tuandike kifungu chetu, na kiwe kikali kuliko hivyo, maana miaka 35 ni umri wa mtu mzima. Masta yoyote iliyouzwa na msanii wa Tanzania au Kenya irudi kwake baada ya miaka 12, na sharti lolote la mkataba linalosema vinginevyo liwe batili. Mkataba wowote na msanii uwe na nakala ya Kiswahili yenye nguvu sawa mahakamani. Msanii apewe siku 14 za kuupeleka kwa mwanasheria asiyelipwa na lebo. Hesabu zitolewe kila miezi sita, na msanii aruhusiwe kuleta mkaguzi wake. Akitaka kuondoka, alipe deni ambalo halijarudi, na si shilingi zaidi.

Wasituambie Bunge haliwezi kuingilia mikataba ya watu binafsi. Mwaka 2022 Bunge la Kenya liliingilia milio ya simu, likaandika kwenye sheria kwamba si chini ya asilimia 52 ya mapato yaende kwa msanii au mwenye haki, na kampuni za simu hazikufunga virago. Sheria yetu Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na imeshafanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja. Yafanyike mengine. Bungeni wapo wasanii tuliowapigia kura, wanaoyajua maumivu haya kuliko mimi. Mmoja wao asimame na muswada huo, na sisi waandishi, badala ya picha ya kalamu inayong'aa, tuchapishe majina ya watakaoupinga.