Msokoto Kabla ya Kuingia Ziwani

Ubishi wa bangi nchini Kenya umezoea majukwaa na mahakama. Mwaka 2018 marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alitaka mswada wa kuihalalisha. Mwaka 2021 Marastafari wakaenda Mahakama Kuu, na 2022 George Wajackoyah akaifanya sera ya kuombea urais. Katika kelele zote hizo, mvuvi wa kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria, hakuulizwa kitu. Njaga, kama bangi inavyoitwa huku, anayovuta jioni kabla ya kusukuma mashua majini inamfanya nini usiku huohuo, na itamfanya nini baada ya miaka kumi? Toleo hili tumelitenga kwa ajili yake.

Omena huvuliwa usiku wa giza. Taa huachwa zikielea, samaki hukusanyika chini ya mwanga, wavu ukazungushwa na kuvutwa, kisha taa inayofuata, hivyo hivyo hadi alfajiri. Baridi ipo, usingizi upo, hofu ya maji ipo, na wapo wanaosema msokoto mmoja unaondoa yote matatu. Nawaamini kwamba ndivyo wanavyojisikia. Ila kemikali inayowapa raha hiyo, THC, ndiyo hiyohiyo inayochelewesha mwili kuitikia, ikavuruga makadirio ya muda na umbali na kumsahaulisha mtu alichoambiwa sasa hivi. Athari hizo hudumu saa kadhaa, na aliyevuta anaweza kujiona yuko makini kuliko siku zote. Sasa upepo ugeuke ghafla: omo inatakiwa ielekezwe kwenye wimbi, wavu uachiwe, maji yakombwe, na yote yafanyike kwa pamoja. Kama kulikuwa na chang'aa juu ya msokoto, na hakuna aliyevaa jaketi la kuokolea maisha, hesabu ni mbaya zaidi. Hapo ndipo bangi inapoua, na haitaandikwa popote kwamba imeua. Taarifa itasema mtu amezama.

Kwa hiyo tunaposikia kwamba bangi haijawahi kuua mtu, tukubali sehemu iliyo kweli: haizimi pumzi kama heroini. Hoja ya kwamba ni mmea tu haina uzito. Tumbaku nayo ni mmea. Na ile ya kwamba ni dawa inahitaji uangalifu. Marekani iliidhinisha mwaka 2018 dawa ya kifafa kikali cha watoto inayotokana na CBD, kemikali nyingine ya mmea huohuo, ikiwa imesafishwa na kupimwa kwa mililita. Msokoto uliotoka Tarime, Tanzania, ukapitia Kuria na Migori hadi ufukweni haujapimwa na yeyote.

Kinachonisumbua zaidi ni umri. Huko Sweden, vijana zaidi ya 45,000 walioitwa jeshini mwaka 1969 na 1970 waliulizwa kuhusu bangi, wakafuatiliwa kwa miaka 15. Waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walikuwa na uwezekano wa kuugua skizofrenia mara 6 ya ule wa wasiovuta kabisa. Wengine walikuwa na matatizo tangu awali, na watafiti walipoyaweka kwenye hesabu, tofauti ilipungua, lakini haikuisha. Wavutaji wengi hawapati wazimu, na anayewaambia vijana kwamba kila mvutaji atapata hawatamsikiliza tena. Wamwone mwenzao wa miaka 40 anayevuta na kuvua vizuri, watatucheka. Tuwaambie lililo kweli: anayeanza akiwa na miaka 14, kila siku, na kwao kuna mtu aliyewahi kuugua akili, anacheza na kitu ambacho huenda kisirudi. Ufukweni miaka 14 si umri wa ajabu; pesa ya omena humtoa mvulana darasani mapema. Utafiti wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria watumiaji wa bangi zaidi ya 518,000 nchini, karibu maradufu ya 2017.

Sheria ya dawa za kulevya ya 1994, ilipotungwa, iliweka kifungo cha miaka 10 hata kwa bangi ya kuvuta mwenyewe. Matokeo yake yako kwenye benchi la zahanati. Mama anamleta kijana asiyelala, anayejibizana na sauti, na akiulizwa anasema amerogwa. Njaga haitaji, kwa kuwa anamwogopa chifu. Muuguzi anabaki bila nusu ya habari, na kadiri matibabu ya ugonjwa huo wa akili yanavyochelewa ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu, ilhali dawa za kuanzia ni za zamani na za bei nafuu.

Kumfunga mvutaji hakujamtibu mtu. Tunachoomba ni kwamba wahudumu wa afya wa Sena na visiwa jirani waulize kuhusu njaga kama wanavyouliza kuhusu pombe, na jibu libaki kwenye faili la mgonjwa. Kamati za fukwe nazo, zenye mamlaka ya kukataa nyavu haramu, zimkatae pia nahodha aliyevuta, usiku huo tu, na mashua iende na mwingine.