Gobore lisilo na risasi bado linajeruhi

Mahindi yakikaribia kukomaa, watu wa vijiji vingi vya Kilosa, hasa vile vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, hawalali. Usiku ni tembo, mchana ni nyani na ngedere. Katika baadhi ya familia hutolewa gobore, likashindiliwa baruti peke yake bila risasi wala gololi, ili litoe mlio tu. Ajali ikitokea, majeruhi hufika kwetu mkono ukiwa umefungwa kanga, na neno la kwanza ni hili: "Daktari, lilikuwa tupu."

Ndugu msomaji, neno hilo "tupu" ndilo linalotuponza. Baruti ikiwaka hugeuka ghafla kuwa gesi ya moto yenye msukumo mkubwa. Gesi hiyo hutoka mdomoni mwa mtutu pamoja na chembe zinazowaka na kitambaa au karatasi iliyoshindiliwa. Kwa karibu, hayo yanatosha kupofua jicho, kuchana ngozi, hata kuua. Mwaka 1984 nchini Marekani, mwigizaji Jon-Erik Hexum, kijana wa miaka 26, alijielekezea kichwani kwa mzaha bastola ya kuigizia yenye risasi baridi, akafyatua. Msukumo ulivunja fuvu, akafariki siku chache baadaye.

Bastola ile ilitoka kiwandani. Gobore la kienyeji mara nyingi ni bomba la chuma lisilojulikana uimara wake, na likizidiwa hupasuka mkononi mwa mwenyewe. Tena hushindiliwa kwa mbele, hivyo uso na mikono huwa karibu na mdomo wa mtutu. Cheche iliyobaki ndani baada ya mlio wa kwanza inaweza kuwasha baruti ya pili wakati bado inamiminwa. Mlio wenyewe unaweza kuharibu masikio moja kwa moja.

Wapo wanaouliza: basi kipimo salama cha baruti ni kipi? Jibu langu ni kwamba kwa gobore la kienyeji hakuna. Nguvu ya baruti haijulikani, uimara wa bomba haujulikani; kipimo kitatoka wapi?

Ajali ikitokea, fanya haya. Kidonda kinachovuja damu kikandamize kwa kitambaa safi bila kuachia. Palipoungua pamwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, uvue pete na bangili mapema. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala asali. Jicho lililojeruhiwa usilisugue wala kulikandamiza. Lifunike kwa kikombe safi kisichogusa jicho. Kidole kilichokatika kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kiweke kwenye mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo uuweke juu ya barafu. Hospitalini, ulizia chanjo ya pepopunda.

Usichelewe kwa kuogopa PF3. Najua kumiliki silaha bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ndiyo maana wengine hujificha nyumbani hadi kidonda kinaoza. Sisi watoa huduma tuzuie damu kwanza, karatasi zifuate. Nawe mwambie daktari ukweli kwamba ni baruti, kwa sababu chembe zake zinatakiwa kusafishwa mapema.

Lakini si haki kumlaumu mkulima peke yake. Anayepoteza chakula cha mwaka kwa usiku mmoja atashika chochote kilicho karibu. Zipo njia nyingine: kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, mizinga ya nyuki mipakani mwa shamba, na mabomu baridi yanayotumiwa na askari wa wanyamapori na vijana waliofunzwa. Mafunzo na vifaa hivyo vifike vijijini kabla ya mavuno. Kwangu mimi, hiyo nayo ni huduma ya afya.

Wazazi, baruti na fataki si vitu vya kuacha uvunguni. Mtoto asitumwe kuamia nyani na gobore, na asiachwe kuchezea vichwa vya viberiti vilivyopondwa. Kama gobore limo nyumbani, zungumza na mwenyekiti wa kijiji au mtendaji kuhusu kulisalimisha polisi. Serikali imewahi kutoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari, kikitangazwa, kitumie.