Nemo Hakuwa Mzungu
Tusidanganyane bana. Kapteni Nemo ni Mhindi. Jules Verne mwenyewe alisema katika The Mysterious Island: ni Mwanamfalme Dakkar, aliyepigana na Waingereza 1857. Sasa Disney 1954 wakampa nani nafasi hiyo? James Mason, Mwingereza! Kirk Douglas naye anaimba, watu wanacheka, hasira ya koloni inazama.

Msiniambie ati kitabu cha kwanza kilificha asili yake. Pale Ceylon Nemo anamwokoa mzamia lulu asiliwe na papa, kisha anasema yeye pia ni wa nchi hiyo inayokandamizwa. Siri gani hiyo?

2003 Naseeruddin Shah alimwigiza. Kumbe inawezekana! Halafu Disney wakatengeneza Nautilus na Shazad Latif, na 2023 wakaitupa kabla haijaonyeshwa. Wengine wakaiokota. Ati gharama. Kwani ile ya 1954 ilikuwa ya bure?