Mchezo Ulioshindwa Nao Uandikwe

Wacheza sataranji wengi niwajuao, na mimi nikiwemo, wakishinda hukumbuka kila hatua. Wakishindwa husema walikuwa na usingizi. Kwa maoni yangu mchezo unaostahili kuandikwa, tena kwa mkono na kabla ya kuiuliza simu, ni ule tulioshindwa. (Najua wako wasioupenda mchezo wenyewe. Katika madhehebu yetu ya Shafi ni makruhu, madhali hapana dau wala sala haikupita.)

Huu hapa wangu, niliocheza na mpwa wangu baada ya isha. Yeye ana nyeupe.

Sote tulianza kwa askari wa mbele ya mfalme, e4 na e5. Akatoa farasi f3. Nami nikamkinga askari wangu kwa d6. Ndovu wake akaja c4. Ndovu ndiye Waingereza wamwitaye askofu. Mimi nimebaki na jina la Waarabu wa kale. Ndovu wangu akenda g4 kumbana yule farasi, maana nyuma yake yuko malkia. Akatoa farasi wa pili, c3. Nikasukuma askari g6.

Hatua ya tano, farasi aliyebanwa akamla askari wangu wa e5, malkia akabaki wazi! Hapa nimeandika daftarini: "Tamaa. Sikutazama." Lau ningemla farasi kwa askari wa d6, malkia wake angemla ndovu wangu, na hasara yangu ingekuwa askari mmoja tu. Mimi nikamla malkia, na kucheka nikacheka. Ndovu wake akala f7, shaha! Mfalme wangu hana pa kwenda ila e7. Farasi wa pili akaruka d5.

"Shaha mati, mjomba."

Mtego huu ni wa Legall, Mfaransa wa karne ya 18 aliyemfundisha Philidor. Mimi sikuujua, basi kwa wiki mbili nikawa nasema barazani kwamba kijana alibahatisha. Maneno yakamfikia, akaacha kuja na ubao wake.

Nilipokwisha kuandika nikampelekea daftari. Alisoma kimya, akaomba kalamu. Tamaa yangu hakuigusa, alipiga mstari chini ya g6, ambayo mimi niliipita bila neno, akaandika: "Kosa ni hapa. Ungetoa farasi f6, angekilinda d5, na mimi nisingethubutu kumwacha malkia."

Kisha akapanga kete.