Bendera ya vita isiyo na shahidi isionyeshwe Kisangani

Kila mwezi wa sita, Kisangani inakumbuka Vita ya Siku Sita. Toka tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda, waliokuwa marafiki jana yake, walipigania mji huu na mabomu yakaangukia raia. Katika siku hizo za ukumbusho, vitu vya vita vinatoka masandukuni: maganda ya bomu, kofia za askari, bendera. Lakini mtu akiulizwa nani aliokota bendera ile, wapi, na ilikaa kwa nani miaka yote hii, mara nyingi maneno yanamwishia mdomoni.

Tabia hiyo ikomeshwe. Bendera yenyewe inaweza kumuumbua mwenye kuileta. Mwaka 2000, bendera ya Rwanda ilikuwa nyekundu, njano na kijani, na herufi R nyeusi katikati. Ile yenye jua ilikuja mwaka 2001. Anayeonyesha bendera ya jua kuwa iliokotwa katika vita ile, anadanganya au alidanganywa. Ya Kongo pia: wakati ule ilikuwa ya bluu, nyota moja kubwa katikati na sita ndogo pembeni. Hii ya leo, yenye mstari mwekundu, ni ya mwaka 2006. Ya Uganda ndiyo ngumu zaidi. Haijabadilika toka 1962, kwa hiyo rangi zake peke yake hazisemi mwaka wowote. Hapo kinachobaki ni ushuhuda wa watu.

Wako wanaosema kwamba hayo ni kusumbua wazee, kwamba uchungu hauombwi karatasi. Uchungu hauombwi, kweli, lakini mahakama inaomba. Kongo ilidai Uganda zaidi ya dola miliari 11 mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye. Tarehe 9 Februari 2022, mahakama ikaamua milioni 325 kwa hasara zote, na kwa madai mengi ikasema ushahidi hautoshi. Watu walikufa kweli na nyumba zilibomoka kweli. Kilichokosekana ni uthibitisho ulioandikwa na kutunzwa.

Hata hesabu ya waliokufa Kisangani ingali inabishaniwa. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa waliofika mwaka 2000 walitaja zaidi ya watu 760. Ripoti ya Umoja huohuo ya mwaka 2010 ikaandika kati ya 244 na 760. Katikati ya namba hizo mna watu zaidi ya 500, na kila mmoja alikuwa na jina na mama. Kitu kimoja cha uongo kikionyeshwa hadharani, mwenye kutaka kuwakana wafu hao amepata silaha ya bure.

Wakuu wa mji na wa jimbo hawana sababu ya kuchelewa. Kila komini ifungue daftari: kitu gani, nani alikiokota, wapi, siku gani, nani aliona, kilipita mikono ya nani. Kipigwe picha pande zote mbili. Kisifuliwe wala kushonwa, kwa sababu doa na tundu navyo ni ushahidi. Pasipojulikana, iandikwe hivyo hivyo kwamba haijulikani. Chuo Kikuu cha Kisangani kina watu wa kufanya kazi hiyo, na mashahidi wa mwaka 2000 wanazeeka.

Familia zilizokimbia Lubunga toka mwaka 2023, kwa ajili ya vita ya Mbole na Lengola, zisingoje miaka ishirini. Majina ya waliokufa, siku ya kukimbia, picha ya nyumba iliyochomwa, jirani aliyeona: vyote viandikwe sasa, angali jirani huyo yuko hai.