Ligi ya vikapu ya wanawake: kabla ya kuongeza timu, tuhesabu safari

Leo naweka kando habari za seva na programu niongelee mpira wa vikapu, ingawa mtaona kwamba sijaenda mbali sana na kazi yangu.

Kila panapotajwa kupanua ligi ya wanawake, swali linaloulizwa ni moja: tuongeze timu ngapi? Naona swali hilo limekaa vibaya. La kuuliza kwanza ni hili: msichana aliyecheza vikapu shuleni Bura au Wundanyi, akimaliza sekondari, atacheza wapi Jumamosi inayofuata? Kwa sasa jibu la Taita Taveta ni fupi. Ahamie Mombasa, ahamie Nairobi, au aache mchezo. Wengi wanaacha.

Tuanze na tulicho nacho. Kenya haina ligi ya wanawake ya kulipwa kwa maana ya ile ya Marekani, WNBA. Tuna Ligi Kuu chini ya Shirikisho la Mpira wa Vikapu Kenya (KBF), na timu zinazojulikana ni za mashirika na vyuo: KPA, Equity Bank, Zetech, Strathmore, USIU. Mchezaji ananufaika kwa kuajiriwa au kusomeshwa. Ukitoa KPA ya Mombasa, hizo nyingine zote ziko Nairobi na viunga vyake. Kwa hiyo ligi ya taifa, ukiichora kwenye ramani, ina fundo kubwa Nairobi, nukta moja baharini, na kati yao karibu kilomita 480 za barabara.

Sasa hesabu. Ligi ya nyumbani na ugenini yenye timu n ina mechi n × (n − 1). Timu 10 ni mechi 90. Ongeza timu mbili tu, ziwe 12, mechi zinafika 132. Yaani umeongeza timu kwa asilimia 20 na mechi kwa karibu asilimia 47. Waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu: mfumo unaokwenda vizuri kwa watumiaji kumi unaanza kukohoa wakifika mia, kwa sababu kazi haikui sawasawa na idadi ya watu. Kila mechi ina marefa, uwanja, maji na nauli. Timu changa ikikosa nauli mara mbili inapoteza alama za mezani, na mwaka unaofuata haipo.

Msidhani ni shida ya maskini peke yao. WNBA ilianza mwaka 1997 na timu 8. Kufikia 2000 zilikuwa 16, mara mbili ndani ya misimu mitatu. Kisha zikaanza kuporomoka: Miami na Portland zikafungwa baada ya msimu wa 2002, Cleveland baada ya 2003, na hata Houston, iliyokuwa imetwaa ubingwa mara nne za kwanza mfululizo, ikafungwa 2008. Mwaka 2010 zilibaki 12. Ligi hiyo ikakaa na 12 hadi 2025 ilipoingia Golden State Valkyries, ambayo msimu wake wa kwanza ilijaza uwanja kila mechi ya nyumbani. Toronto na Portland zikapewa nafasi za 2026, na Juni 2025 ikatangazwa kwamba Cleveland itaingia 2028, Detroit 2029 na Philadelphia 2030. Angalieni majina: Portland, Cleveland na Detroit zote ziliwahi kuwa na timu zikazipoteza. Watazamaji walikuwepo, wachezaji walikuwepo. Ila timu zilipachikwa haraka juu ya matajiri wa timu za wanaume, na tajiri alipochoka, timu ikafa.

Kwetu tajiri ni shirika au chuo. Kwa hiyo anayesema "Voi nayo ipewe timu ya Ligi Kuu" lazima ajibu nani atalipa mwaka wa tatu, picha za uzinduzi zikishasahaulika. Mimi siombi hiyo timu. Bado.

Ninachopendekeza ni ngazi ya Pwani chini ya Ligi Kuu, inayochezwa kwa kukusanyika. Chukua timu nne: mbili za Mombasa, moja ya Kwale au Kilifi, moja ya Taita Taveta. Kwa utaratibu wa kawaida wa nyumbani na ugenini ni mechi 12, na safari 10, maana timu za Mombasa zikikutana hazisafiri. Sasa wakusanye Voi wikendi moja, Ijumaa jioni hadi Jumapili, mechi mbili kwa siku. Kila timu inacheza mara moja kwa siku na inakutana na wenzake wote. Mechi sita zimekwisha. Rudia Mombasa mwezi unaofuata. Mechi ni zilezile 12, lakini safari zimekuwa tano, kwa kuwa timu mbili ziko nyumbani Mombasa. Marefa wanasafiri mara mbili tu. Bingwa acheze mchujo na timu ya mkiani ya Ligi Kuu.

Kwa nini Voi? Kwa sababu mji huu uliumbwa na safari. Tuko kama kilomita 150 kutoka Mombasa na 330 kutoka Nairobi. Reli ya SGR ilianza kubeba abiria 2017 na ina kituo hapa. Barabara ya Mwatate hadi Taveta ni lami, na ukivuka Holili unakaribia Moshi, hivyo hata timu za Tanzania si wageni wa mbali. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiko hapa, na Coast Institute of Technology pia. Vyuo viwili, maana yake vijana, mabweni wakati wa likizo, na pengine mlezi wa timu asiyetegemea mfuko wa mtu mmoja. Katiba ya 2010 imeziachia kaunti michezo na viwanja vyake. Uwanja wa vikapu ni mita 28 kwa 15, sakafu ngumu na taa. Taa zisisahauliwe, maana jua la Voi saa nane mchana halichezewi.

Na kama hilo ni kubwa mno, tuanze na 3x3: timu ya watu wanne, goli moja, mechi ya dakika kumi. Huo si mchezo wa mzaha. Umekuwa kwenye Olimpiki tangu michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Ndilo toleo letu la majaribio.

Najua pingamizi. La kwanza, nani atatazama? Kaunti nzima ilikuwa na watu 340,671 kwenye sensa ya 2019, na wamesambaa kuanzia milima ya Taita hadi Taveta. Ni kweli, hatutajaza uwanja wa watu elfu kumi. Lakini mechi mbili za jioni mjini, bila kiingilio, zitapata watu.

La pili, wazuri watachukuliwa na Nairobi. Wachukuliwe! Tazameni Madina Okot: alisoma Kaya Tiwi huko Kwale, akachezea Zetech, akaenda Mississippi State na kisha South Carolina. Njia ipo, na imeanzia Pwani. Alipita kwa sababu kila hatua ilikuwa na ngazi ya kukanyaga. Wa Taita Taveta akimaliza shule anakuta ngazi imekatika hapo hapo.

Kwa hiyo KBF wakikaa kupanga upanuzi, ningeomba watumie kipimo kimoja: ni wasichana wangapi wa miaka 19 wanaoweza kufika kwenye mechi ya ushindani na kurudi nyumbani wikendi hiyohiyo? Namba hiyo ikipanda, ligi imepanuka, hata kama Ligi Kuu haijaongeza timu. Ikibaki ilivyo, timu mpya ya Nairobi itakuwa imeongeza foleni tu.

Haya, hesabu yangu ndiyo hiyo. Mwenye yake tofauti ailete tubishane, hasa nyie wa Mombasa mnaojua bei ya kupeleka watu kumi na wawili Nairobi kila baada ya wiki mbili.